Sare Iliyotafutwa Tangu Ufunguzi: Jinsi Taji la Sataranji Lilivyovuka Mpaka wa China na India

Alhamisi ya tarehe 12 Desemba 2024, katika kisiwa cha Sentosa nchini Singapore, bingwa wa dunia wa sataranji Ding Liren wa China aliivuta ngome yake nyuma miraba miwili, akitaka ibadilishwe na ngome ya mpinzani wake na mchezo uishe kwa sare. Ilikuwa hatua ya 55 ya mchezo wa 14, uliokuwa wa mwisho katika pambano la karibu wiki tatu. Mpinzani wake, Gukesh Dommaraju, kijana wa miaka 18 kutoka Chennai, alieleza baadaye kwamba mara ya kwanza hakuliona lililotokea, na kwamba nusura acheze hatua nyingine aliyokuwa amekwisha kuipanga. Kisha akaliona. Hatua tatu baadaye Ding alikubali kushindwa, na taji ambalo China ilikuwa imelishikilia kwa mwaka mmoja na miezi saba likahamia kwa jirani wa ng'ambo ya milima ya Himalaya.

Tangu siku hiyo mazungumzo yameielemea hatua hiyo moja. Bingwa wa zamani Vladimir Kramnik wa Urusi aliliita kosa la kitoto na kusikitika kwamba taji la dunia limeamuliwa kwa namna hiyo. Rais wa Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, Arkady Dvorkovich, alijibu kwamba makosa ni sehemu ya mchezo wowote. Wote wawili walikuwa wakiitazama hatua ya 55. Anayeufuata mchezo wenyewe tangu mwanzo, hata hivyo, huona jambo jingine: kosa lile halikumwangukia Ding kama tofali kutoka juu ya paa. Lilikuwa mwisho wa njia aliyoichagua mwenyewe mapema, akiwa bado na nafasi nzuri na nguvu za kutosha.

Mtaji wa kete nyeupe

Katika sataranji mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, na katika ngazi ya juu kuanza ni mtaji. Mwenye nyeupe hushinda mara nyingi zaidi kuliko mwenye nyeusi, ndiyo maana wachezaji hupokezana rangi. Kabla ya mchezo wa 14 kila mmoja alikuwa na pointi sita na nusu. Bingwa ndiye aliyekuwa na nyeupe, na akishinda angebaki na taji lake. Hakuna mchezaji ambaye angeomba nafasi bora kuliko hiyo.

Ufunguzi, yaani zile hatua kumi au kumi na tano za mwanzo ambamo kila upande huzitoa kete zake na kumtafutia mfalme maficho, ndipo mchezaji anapoutumia mtaji huo au kuuweka kando. Funguzi zina majina, kama mitaa ya mji wa kale ilivyo na majina, na mwenye kuijua mitaa hukisia mapema msafiri anaelekea wapi. Ding alianza kwa kumtoa farasi wa upande wa mfalme. Akasogeza askari mmoja wa upande huohuo, akamweka askofu kwenye mstari mrefu wa ulalo, na kufikia hatua ya tano mfalme wake alikuwa salama. Gukesh alizipeleka askari zake mbili katikati ya ubao bila kusita.

Mpango huo wataalamu huuita Grünfeld uliogeuzwa. Ernst Grünfeld wa Austria aliutambulisha mwaka 1922 kwa ajili ya kete nyeusi. Unapochezwa na nyeupe huwa na faida ya hatua moja zaidi. Maana yake ni kumwachia mpinzani ajenge katikati, kisha kumshambulia kutoka mbali. Kwa asili yake si ufunguzi wa woga. Richard Réti alianza kwa farasi huyohuyo mjini New York mwaka 1924 akamshinda José Raúl Capablanca, ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka minane. Silaha ni ileile, ila mikono hutofautiana.

Baada ya hatua kumi na tano nafasi ya Ding ilikuwa imara, isiyo na udhaifu wa kushambuliwa. Hapo ndipo alipoanza kuuza kete kwa kete. Katika hatua ya 20 alimtoa farasi wake ili mabadilishano yafuatane, na ubao ukaanza kupungua. Katika hatua ya 29 alifanya jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko lile la hatua ya 55: alimtoa askari wake mmoja bure, ili malkia wote wawili na jozi ya ngome viondoke ubaoni. Kila upande ukabaki na ngome moja na askofu mmoja. Ding alikuwa na askari wawili, Gukesh watatu, na wote walikuwa upande mmoja wa ubao.

Vitabu vinasema hali hiyo ni sare. Ndivyo ilivyo, na ndimo mtego ulimofichwa. Mwenye askari wa ziada hana anachokihofia. Anaweza kujaribu hili na lile kwa saa nyingi huku akijua kwamba baya kabisa litakalompata ni sare. Mwenye upungufu hana matumaini ya kushinda, na kila hatua yake ni mtihani ambao kuufaulu hakumletei chochote isipokuwa mtihani mwingine. Bingwa wa dunia, mwenye kete nyeupe katika mchezo wa mwisho, alijiweka katika chumba hicho kwa hiari yake na kufunga mlango.

Gukesh hakuharakisha. Alimsogeza mfalme, akamrudisha, akabadilishana askari mmoja, akaizungusha ngome. Saa ya Ding ilizidi kupungua ilhali Gukesh alikuwa na muda wa kutosha. Katika hatua ya 53 Ding alimpeleka askofu wake kwenye kona ya mbali kabisa ya ubao, mahali ambapo askofu ana njia moja tu ya kutokea. Hatua mbili baadaye akaileta ngome ibadilishwe. Gukesh aliichukua, kisha akamweka askofu wake katikati, kwenye ileile njia moja. Askofu wa Ding hakuwa na pa kukimbilia; ilikuwa lazima wabadilishane. Wakabaki wafalme wawili na askari wachache, wawili wa nyeusi dhidi ya mmoja wa nyeupe, na hesabu ya namna hiyo hujulikana na mtoto aliyejifunza sataranji kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo neno la Kramnik lina ukweli ndani yake. Lililokosekana katika hukumu yake ni swali la nani aliyemfikisha Ding mahali pale.

Hesabu iliyokuwa na mantiki

Haki inadai isemwe pia kwamba Ding hakutenda bila sababu. Laiti mchezo ungeisha kwa sare, siku iliyofuata yangechezwa marudio ya muda mfupi, na katika sataranji ya kasi Ding alikuwa na alama za juu kuliko Gukesh kwa kiasi kikubwa. Tena alikuwa na kumbukumbu nzuri: mwezi Aprili 2023 mjini Astana, Kazakhstan, alitwaa taji kwa njia hiyohiyo, akimshinda Ian Nepomniachtchi wa Urusi katika mchezo wa nne wa marudio. Siku moja tu kabla ya mchezo wa 14 alikuwa ameteseka kwa hatua zaidi ya 60 akiwa na kete nyeusi, akaponea chupuchupu. Mtu aliyechoka anayejua kwamba kesho yake ni bora kuliko leo hujaribu kuivuka leo.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kumgharimu mapema katika pambano hilohilo. Katika mchezo wa tano Gukesh aliteleza, na Ding, aliyekuwa na nyeusi, akaiachia fursa na kuridhika na sare. Katika mchezo wa sita Ding alikuwa na nyeupe na nafasi nzuri kidogo. Akaanza kurudia hatua zilezile ili wagawane pointi. Aliyekataa alikuwa Gukesh, ingawa ndiye aliyekuwa upande dhaifu. Wengi waliona kukataa huko kuwa ujana usio na adabu ya mchezo. Mchezo ukaisha sare hata hivyo, lakini ujumbe ulifika: upande mmoja wa meza alikaa mtu aliyetaka jioni iishe, na upande wa pili alikaa mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Cha kushangaza ni kwamba Ding alipolazimika kupigana alipigana vizuri. Tarehe 25 Novemba, katika mchezo wa kwanza, aliujibu mwanzo wa Gukesh kwa Ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi uliopata jina lake kutokana na pambano la barua kati ya Paris na London mwaka 1834, na ambao leo hauchezwi mara nyingi katika mapambano ya taji. Gukesh alishambulia kwa pupa, akaadhibiwa, akashindwa kwa hatua 42. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Ding katika mchezo wa muda mrefu tangu mwezi Januari mwaka huohuo. Tena, baada ya kuupoteza vibaya mchezo wa 11, alirudi kesho yake katika mchezo wa 12 akiwa nyuma kwa pointi moja, hana budi kushinda, na akacheza mchezo ambao wachambuzi wengi wanaona kuwa ulikuwa bora kuliko yote 14. Bingwa huyo alionekana kuwa na nguvu zaidi pale alipokuwa hana tena cha kulinda.

Ufunguzi katika zama za kompyuta

Zamani ufunguzi ulikuwa elimu. Mchezaji alitafuta hatua bora, akaihifadhi kwa miaka, akaitoa siku ya vita. Tangu kompyuta ya Deep Blue imshinde Garry Kasparov mwaka 1997, na zaidi tangu programu ya AlphaZero ijifundishe sataranji yenyewe mwaka 2017, elimu hiyo haina tena mwenyewe. Kila timu ina mashine inayojua hatua bora katika kila nafasi, na wapinzani nao wanayo. Matokeo yake ni kwamba hatua bora imepoteza thamani, na hatua isiyotarajiwa ndiyo yenye bei.

Ndiyo maana pambano la Singapore lilijaa funguzi za pembeni. Ding alileta Ulinzi wa Kifaransa, na hakuuleta mara moja tu. Katika mchezo wa 11 Gukesh alianza kwa farasi, kisha katika hatua ya tatu akasogeza askari wa upande wa malkia miraba miwili mbele, hatua ambayo vizazi vilivyopita vingeitilia shaka. Ding alitumia muda mrefu sana katika hatua za mwanzo akijaribu kukumbuka au kufikiri upya. Muda huo ndio uliomkosa baadaye: katika hatua ya 28 aliharakisha akampeleka malkia mahali pabaya, na hatua iliyofuata ya Gukesh ikamaliza mchezo. Kwa maneno mengine, ufunguzi siku hizi haumpi mchezaji nafasi bora ubaoni bali humpa mpinzani saa mbaya. Hata ule mchezo wa tatu, ambao Gukesh aliushinda kwa ufunguzi wa kale wa Gambiti ya Malkia, uliisha muda wa Ding ukiwa umekwisha.

Kwa hiyo timu iliyo nyuma ya mchezaji ina uzito kuliko zamani. Gukesh aliongozwa na Grzegorz Gajewski wa Poland, aliyewahi kumtumikia Viswanathan Anand, na kwa upande wa fikra alikuwa na Paddy Upton wa Afrika Kusini, aliyekuwa pamoja na timu ya kriketi ya India ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2011. Ding alikuwa na rafiki yake Richárd Rapport, yuleyule aliyemsaidia Astana. Maandalizi ya pande zote mbili yalikuwa mazuri. Katika ufunguzi wenyewe Ding hakuzidiwa sana. Kilichozidiwa ni kile kinachofuata baada ya maandalizi kwisha, pale mchezaji anapobaki peke yake na kulazimika kuamua kama anataka nini.

Majirani wawili

Hili lilikuwa pambano la kwanza la taji la dunia kati ya wachezaji wawili wa Asia, na hawakuwa wa nchi zozote mbili. China na India zilipigana mwaka 1962 kwa sababu ya mpaka ambao mpaka leo haujakubaliwa. Mwezi Juni 2020, katika bonde la Galwan, wanajeshi 20 wa India waliuawa katika mapigano ya mkono kwa mkono, na China nayo ikatangaza vifo vya askari wake wanne. Mwezi mmoja tu kabla ya mchezo wa kwanza, serikali hizo mbili zilifikia makubaliano juu ya doria za mpakani, na tarehe 23 Oktoba 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi na Rais Xi Jinping wakakutana mjini Kazan, Urusi. Miji ya Chennai na New Delhi yote miwili iliomba kuandaa pambano. FIDE ikaipa Singapore, nchi yenye raia wenye asili ya pande zote mbili, na uamuzi huo uliepusha mengi.

Ni kosa hata hivyo kuugeuza ubao kuwa ramani ya kijeshi. Wachezaji hao wawili walisifiana hadharani kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna kiongozi aliyejaribu kuwafanya askari. Mkono wa serikali ulionekana kwingine. Mwaka 2022 Ding alikuwa hajacheza michezo ya kutosha kuruhusiwa kushiriki mashindano ya kumtafuta mshindani wa taji, kwa sababu China ilikuwa imejifungia kutokana na UVIKO-19. Shirikisho la nchi yake likamwandalia mashindano ya haraka nyumbani, akacheza michezo 28 ndani ya wiki chache, akafuzu. Mwezi Desemba 2023 Gukesh naye alikuwa akikosa alama za kufuzu. Mashindano yakaandaliwa Chennai kwa muda mfupi sana, akayashinda, akafuzu. Waliolalamika juu ya la kwanza na waliolalamika juu ya la pili aghalabu hawakuwa watu walewale. Bila mashindano hayo mawili ya dharura, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angekaa kwenye meza ya Sentosa.

Mchezo wenyewe una historia yake katika ujirani huo. Ulizaliwa India kwa jina la chaturanga, ukapita Uajemi na kuitwa chatrang, Waarabu wakauchukua, na neno likafika pwani ya Afrika Mashariki likiwa sataranji. Wachina walikuwa na mchezo wao wa jamii hiyo, xiangqi, wenye mto unaopita katikati ya ubao, pamoja na weiqi inayoheshimiwa zaidi. Sataranji ya kimataifa kwao ilikuwa mgeni, na wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni ilipigwa marufuku. Ilipofufuliwa waliijenga kwa mpango: mwaka 1991 Xie Jun akawa bingwa wa dunia wa wanawake, na taji hilo leo liko mikononi mwa Mchina mwingine, Ju Wenjun. Timu ya wanaume ilishinda Olimpiadi za mwaka 2014 na 2018. Ding alizaliwa mwaka 1992 huko Wenzhou, mji unaojulikana nchini humo kwa sataranji, na kati ya mwaka 2017 na 2018 alicheza michezo 100 bila kushindwa.

Benchi refu na benchi fupi

Baada ya kutwaa taji Ding alipotea machoni kwa miezi mingi. Hakuficha kwamba aliugua sonona na kukosa usingizi. Alipofika Singapore alikuwa wa 23 katika orodha ya dunia, Gukesh alikuwa wa tano, na wapo waliotabiri kwamba pambano lisingefika hata mchezo wa 14. Lilifika, na heshima hiyo ni yake. Lakini mpango wa China ulikuwa umesimama juu ya bega la mtu mmoja, na bega hilo lilipouma hapakuwa na la pili.

Kwa Gukesh hali ni kinyume. Mwezi Septemba 2024 India ilishinda medali za dhahabu za wanaume na wanawake katika Olimpiadi ya Budapest. Mwenzake Arjun Erigaisi alikuwa ametangulia katika orodha ya dunia, akivuka alama 2800 mwezi Desemba 2024. Mjini Toronto mwezi Aprili, katika mashindano ya kumtafuta mshindani wa taji, Wahindi watatu walikuwa miongoni mwa wanane. Nchi ambayo mwaka 1988 ilipata gwiji mkuu wake wa kwanza, Anand, sasa inao zaidi ya 80. Anand mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tano, alianzisha mwaka 2020 akademia ambayo Gukesh ni mmoja wa matunda yake. Mwaka 2013 Anand alipoteza taji kwa Magnus Carlsen wa Norway mjini Chennai, na mtoto wa miaka saba aliyekuwa miongoni mwa watazamaji akiangalia kupitia kioo alikuwa Gukesh.

Sifa hizo zote zisiisahaulishe gharama. Baba yake, daktari bingwa wa masikio, pua na koo, aliiacha kazi ili amsindikize mwanawe ughaibuni. Mama, mtaalamu wa vijidudu vya magonjwa, akabaki kuilisha nyumba, na marafiki wa familia walichangia nauli. Wanasiasa walikuja baadaye. Mara tu baada ya ushindi, Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu, M. K. Stalin, alimpongeza kama mtoto wa Chennai na kumtangazia zawadi ya rupia milioni 50, ilhali mwenzake wa Andhra Pradesh, N. Chandrababu Naidu, alimpongeza kama kijana wa Kitelugu. Wote wawili walisema kweli. Gukesh ametoka katika familia inayozungumza Kitelugu ndani ya mji wa Kitamil, na wasomaji wanaozungumza lugha moja nyumbani na nyingine sokoni hawatahitaji kuelezwa jinsi mtoto wa namna hiyo anavyogombaniwa akishinda. Akishindwa, huwa wa wazazi wake.

Ukanda huu nao hauko mbali na habari hii. Amon Simutowe wa Zambia ndiye wa kwanza kusini mwa Sahara kufikia daraja la gwiji mkuu. Nchini Uganda, Phiona Mutesi alijifunza sataranji katika kitongoji cha Katwe mjini Kampala kwa mwalimu Robert Katende, ambaye aliwavuta watoto kwa uji na ubao. Kilichokosekana si vipaji. Tamil Nadu iliingiza sataranji katika shule zake kwa amri ya serikali mwaka 2013. Katwe ilimtegemea mtu mmoja mwenye moyo.

Taji lina thamani gani

Lipo doa ambalo India na China zote mbili haziwezi kulifuta. Carlsen, anayeongoza orodha ya dunia, aliliacha taji mwenyewe akisema hana hamu ya kulitetea tena. Kwa hiyo bingwa mpya ni bingwa ambaye bado yuko mtu juu yake. Gukesh amelikiri hilo waziwazi, akasema kutwaa taji hakumaanishi kuwa mchezaji bora kuliko wote. Kati ya dola milioni 2.5 zilizotengwa, yeye alipata milioni 1.35 na Ding milioni 1.15, kwa kuwa kila ushindi ulilipwa dola laki mbili na kilichobaki kikagawanywa sawa. Ni tofauti ya mchezo mmoja.

Wanaosema kwamba kosa la hatua ya 55 limelishusha taji hilo wana kumbukumbu fupi. Mjini Sochi mwaka 2014, katika mchezo wa sita wa pambano la marudiano, Carlsen alimsogeza mfalme wake mahali ambapo angepoteza mara moja. Anand, aliyekuwa mbele yake, hakuliona na akajibu hatua nyingine upesi. Mabingwa wawili walikosea ndani ya dakika chache, na hakuna aliyesema sataranji imekufa. Kasparov, ambaye mpaka Desemba 2024 alikuwa bingwa mdogo kuliko wote akiwa na miaka 22 mwaka 1985, amempongeza Gukesh bila masharti.

Ding alipoulizwa baada ya mchezo alisema hana majuto, na kwamba kushindwa mwishoni ni matokeo ya haki kwa kuwa siku moja kabla aliponea kwa bahati. Gukesh, akiwa bado anafuta machozi, alibaki mezani akizipanga kete upya katika nafasi zake za mwanzo, moja baada ya nyingine, kama afanyavyo kila mara. Mashindano yake ya kwanza akiwa bingwa yalikuwa mwezi Januari 2025 huko Wijk aan Zee, Uholanzi, kwenye mji wa kiwanda cha chuma ambacho leo kinamilikiwa na kampuni ya India. China iliwakilishwa na Wei Yi, mshindi wa mwaka 2024. Jina la Ding Liren halikuwamo katika orodha.